Masikio ya Punda

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku Darsait sote wazima, na shangazi yako kapona mguu. Picha uliyoichora na kuichapa huko Kanada, ya sungura anayemkimbia bundi, imefika salama.

Umeniuliza kama niliwahi kuogopa kuonyesha mchoro. Babangu alikataza kitu chenye roho kisichorwe nyumbani kwake. Siku moja akaikuta karatasi yangu chini ya mkeka: punda anakimbizwa na mbwa. Akavaa miwani, akaitazama. Mie nnasubiri kusikia karatasi ikichanwa.

"Punda akiogopa hulaza masikio nyuma," akasema, akanirudishia.

Sungura wako masikio yamemsimama. Mtizame tena.

Bibi yako