Namba za Chaki

Itigi,
Agosti 2024

Dada yangu Esta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kilimatinde ukiwa mzima, na goti limepunguza kuuma. Mimi naendelea, ila mbavu zinanisumbua, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Unajua kwamba najitolea na vijana wawili, Ignas na Ritha, kupeleka vitabu vijijini. Wiki iliyopita tulifika kwetu, ng'ambo ya Kinyangiri, ambako sikuwa nimekanyaga tangu serikali ilipotuhamishia kwa nguvu vijiji vya ujamaa mwaka 1974. Gari halipiti, hivyo tulimpakia punda magunia ya vitabu. Wazee walitutania kwamba punda huyo amesoma kuliko diwani wao.

Ili tukumbuke kitabu kipi kimebaki nyumba ipi, nilimpa Ignas chaki aandike namba milangoni. Alifika mlango wa nne. Jesca, yule binti wa jirani yetu, sasa bibi kizee, mmoja wa waliorudi huko baadaye, alipoiona namba alipiga yowe kwamba wachomaji wamerudi. Unakumbuka, Dada: jioni namba, asubuhi moto.

Wanakijiji walikuja na fimbo na mapanga. Punda walimkata miguu, akaanguka juu ya magunia, wakayawasha moto akiwa bado analia. Ritha walimvunja mkono. Mimi nilipigwa rungu mbavuni, kisha mmoja akasema mzee aachwe. Jesca akauliza nani ameleta chaki. Nilinyamaza. Ignas akasema ni yake. Walimpiga mpaka jicho la kushoto likapasuka. Amelazwa Singida mjini, na hadi leo hajanitaja.

Dada, si mara yangu ya kwanza kunyamaza. Siku ile ya namba mwaka 1974, ninyi mkiwa mashambani, Gaspari, ambaye wote mlidhani ndiye aliyeziandika, alishika daftari tu. Chaki niliishika mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Mlango wa baba niliuandika nikijua kitakachofuata. Nilidhani atatoka mapema. Alitoka, akarudi ndani kuchukua Biblia yake, paa likamwangukia. Ulipomtemea Gaspari mate msibani, mimi ndiye niliyekushika mkono. Amekufa bila wewe kuitikia salamu yake hata moja.

Jumamosi nitarudi kwa Jesca kumwambia kwamba chaki zote mbili zilikuwa zangu. Nimeona nianze na wewe.

Wasalimie wajukuu, kama bado utapenda kuwatajia jina langu.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Obadia