Kamshafti Ambazo Sikukufungia

Shemeji wangu uliye Mpulungu,

Ujumbe wako wa sauti niliupata juzi nikiwa chini ya lori, hapa gerejini kwangu Chanji. Nimeusikiliza mara mbili. Unasema umepata gari lingine lenye turbo, injini ileile ya lile la zamani, na unataka nikutumie namba ya kamshafti, "zilezile kubwa ulizonifungia Chanji," kwa sababu Jumamosi unaziagiza. Ukamalizia kwa kucheka: "Safari hii usiogope, shemeji." Nyuma yako nilimsikia dada akikwambia uniulize kwanza kama nimekula.

Nimekula. Namba hiyo sikutumii, na sababu yake naiandika wazi, kila mtu asome, maana ulichosema juu yangu ulikisema mbele ya watu, na mimi nilinyamaza mbele ya watu haohao.

Unakumbuka siku uliyokuja nyumbani kujitambulisha. Ulipanda kutoka Kasanga na lile gari jeupe, beseni la samaki, migebuka ya ziwani, nyuma, na gari likazima hatua chache kabla ya geti. Wazee wameshakaa ndani wanasubiri. Nilitoka na kitenge changu cha sherehe, nikafungua boneti, nikakuta waya wa koili umechomoka. Likawaka. Ukawaambia wajomba zako, "Kumbe nimekuja kuposa fundi, mke nimepewa nyongeza." Mama hakucheka. Mimi nilicheka mpaka dada akanifinya. Tangu siku hiyo hukumruhusu fundi mwingine aguse injini yako, na mimi nilijivunia hilo kuliko nilivyoonyesha.

Halafu ukaenda Dar es Salaam, ukarudi na lile boksi. Kamshafti mbili, zinang'aa, za kiwango cha mashindano. Nilisoma kadi yake: digrii 280. Nikakukalisha kwenye tairi, nikakueleza. Kamshafti ni chuma kirefu chenye manundu. Kikizunguka, manundu yanasukuma valvu zifunguke, injini ivute hewa na kutoa moshi. Nundu likiwa kubwa, valvu inafunguka zaidi na inakaa wazi muda mrefu; huo muda ndio unaopimwa kwa digrii. Kwa injini isiyo na turbo, ikizungushwa kwa kasi, sawa, utaona faida. Yenye turbo ni habari nyingine. Valvu za kuingiza na za kutoa zikikaa wazi pamoja muda mrefu, hewa iliyosukumwa na turbo inapitiliza hadi kwenye ekzosi, au moshi unarudi ndani, na kwenye mwendo mdogo gari linakuwa zito. Na sisi huku Ufipa tunakaa juu, hewa yetu nyepesi, turbo yenyewe inachelewa kuamka. Kazi yako ilikuwa kupandisha samaki kutoka ziwani, si kushindana kwenye lami iliyonyooka.

Muda wote huo ulikuwa unachezea kifuniko cha boksi. Nilipomaliza ukasema, "Shemeji, mimi nataka ule mlio." Ule wa gari limesimama, injini inatetema na kukohoa, watu wanageuka kuangalia. Basi. Ukaondoka kwenda Kasanga kwa basi, ukaniachia injini wazi.

Ulipoondoka nilipima nafasi inayobaki kati ya valvu na pistoni. Kwenye vitabu wanasema utumie udongo laini wa kuchezea watoto. Sikuwa nao. Nilichukua tonge la ugali wa ulezi uliolala, nikalipaka oili, nikalibandika juu ya pistoni. Nikafunga silinda hedi na kamshafti zako, nikazungusha injini kwa mkono, taratibu, mara mbili. Nikafungua tena. Pale valvu iliposhukia, ugali ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi. Maana yake injini ikishika kasi, valvu ingegonga pistoni. Nilikupigia simu. Ulikuwa ufukweni, kelele za wanunuzi zimejaa. Ukasema, "Funga hivyohivyo, acha woga," ukakata.

Sikuzifunga, shemeji.

Nilizirudisha kwenye boksi, nikampa kondakta wa basi, na yule muuzaji wa Dar akakubali kunibadilishia kwa nyingine ndogo, zilizotengenezwa kwa injini za turbo; hizo ndizo nilizokufungia. Wewe nikakudanganya kwamba gasketi imechelewa. Ulinitukana kidogo, kwa utani, ukasubiri.

Siku uliyorudi na mzigo wa kwanza, dada kakaa kiti cha mbele, gari lilikuwa limepanda mlima wote kwa gia ya tatu bila kuchoka. Ulisimama mbele ya gereji, watu wanakunywa chai kwa mama lishe. Ekzosi mpya uliyofungisha mwenyewe ilikuwa inanguruma, na ukasikia ulichotaka kusikia. Ukanyoosha kidole: "Mnamwona huyu? Alikuwa anatetemeka, eti kamshafti kubwa hazifai. Woga tu. Mwanamke akishika injini..." Hukumalizia. Watu walikumalizia kwa kucheka. Dada aligeukia upande wa pili. Mimi nilinawa mikono kwa sabuni ya unga, nikanawa tena.

Ningeweza kuwaonyesha. Namba imechongwa mwishoni mwa chuma, kifuniko cha juu kinafunguka kwa dakika chache. Nikajiambia mwache, gari linavuta, dada anafika salama, yeye ana furaha. Lakini iliniuma, sifichi. Ile ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote, na nilichekwa kwa ajili yake.

Hata hapo ningeweza kuendelea kunyamaza. Kisha akaja yule mwalimu mwenye gari kama lako, uliyempa ushauri kwenye chai. Alitaka kubwa. Nilimwambia hapana. Akaniuliza kwa upole tu, "Mbona shemeji yako umemfungia?" Nikarudi kwenye kazi yangu. Akaenda gereji nyingine, akafungiwa, na kabla hajafika Matai valvu zilikuwa zimepinda. Gari lake lilikaa juu ya mawe hadi majani yakaota chini yake. Tangu hapo amekuwa akipita na baiskeli, akinisalimia vizuri, bila kujua nilichomficha. Jana nimemwita, nimemwambia ukweli wote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ahsante, akapanda baiskeli yake. Hajapita leo.

Kwa hiyo sikiliza. Agiza za digrii 256, za injini ya turbo, pamoja na springi zake. Barabara ya kutoka Mpulungu kwenda Mbala nayo ni mlima, na mzigo wako ni uleule. Fundi wa huko apime kabla ya kuwasha, hata kwa nshima, ugali wenu wa huko.

Siku mbili hizi nimejiuliza kwa nini sikukwambia hapana ukiwa umekaa kwenye lile tairi, nikakurudishia boksi lako, yakaisha. Ulisema mimi mwoga, na kwa hilo hukukosea. Kamshafti sikuziogopa. Nilikuogopa wewe. Niliogopa ukunje uso, uende kwa fundi mwingine, usije tena kukaa gerejini ukiniharibia kazi kwa maneno yako. Tangu mhamie huko gereji imekuwa kimya, kazi zinaisha kwa wakati, na siufurahii ukimya huo hata kidogo.

Utakasirika. Una haki, nimekudanganya miaka yote hii na ukajisifu kwa uongo wangu. Kasirika hata mwaka mzima ukitaka, usinipigie, nitavumilia. Ila Jumamosi usiagize zile kubwa. Hapana, shemeji. Hapana.

Ni mimi,
shemeji yako wa Chanji, aliyekufungia zile ndogo