Doto Hashiki Bunduki

Jumatano, 9 Juni 1993

Cherehani bado kimefunikwa. Mguu unaokanyaga pedeli ndio uliovunjika. Hogo limenipanda kutoka vidoleni mpaka pajani, plasta nzito kama gunia la pamba mbichi. Wateja wamehamia kwenye mitumba. Siwalaumu. Nguo ya mitumba haivunjiki mguu.

Nyumba yetu hapa Pasiansi iko juu ya mawe. Kushuka barabarani ni kutoka jiwe hadi jiwe, na magongo hayajui kuruka. Tangu nianguke nikianika mashuka sijafika mbali zaidi ya choo. Nashinda barazani. Ziwa lote naliona. Kulifikia siwezi.

Leo majina yametoka. Pacha wangu wote wawili, kambi moja, porini huko upande wa Tabora. Kila amalizaye kidato cha sita lazima apite jeshini kwanza. Bila hivyo hakuna chuo, hakuna kazi. Tulijua.

Kulwa, binti, aliyetangulia kuzaliwa, alipiga kelele za furaha mpaka jirani akachungulia. Doto alichukua shoka akaenda kupasua kuni.

Ijumaa, 11 Juni

Doto amesema. Tulikuwa tunakula.

"Mama, jeshini nitakwenda. Nitalima, nitapika, nitabeba mawe. Bunduki sishiki."

Kulwa aliacha tonge hewani. "Utatuaibisha."

"Amri ya Mungu ni amri, Kulwa. Usiue."

Aliokoka akiwa kidato cha nne. Nilifurahi wakati ule. Nilidhani kuokoka ni kukaa mbali na pombe na wasichana. Sikujua kuna siku kutagusa bunduki.

Baba yao yuko ukutani, picha ya sare. Alikufa vita vya Uganda, wao hawajaanza shule. Nilitazama sahani yangu. Naogopa.

Jumapili, 13 Juni

Shemeji Lukas amekuja kutoka Magu kuaga watoto. Ni mdogo wake marehemu. Walikwenda vitani pamoja, akarudi peke yake. Tangu siku hiyo anaongea kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Aliwapanga pacha uani na kuwafundisha kwata. Kulwa aligeuka vizuri kushoto, kulia. Doto naye aligeuka. Hakuna aliyemwambia Lukas lolote.

Jioni watu wa kanisa walipanda huku juu, kwa kuwa mimi siwezi kushuka. Mchungaji aliwawekea mikono. Akamwomba Mungu awafanye askari hodari. Nilifungua macho nimtazame Doto. Ya kwake yalikuwa wazi.

Jumatatu, 21 Juni

Wameondoka kwa treni ya jana. Stesheni sikwenda. Nilimtuma jirani yangu, Mama Anjela, akawaage kwa niaba yangu. Mama gani huyu anayemtuma mtu kuaga watoto wake!

Amenisimulia. Kulwa alijitokeza dirishani akiimba na wenzake. Doto alikaa ndani, amefumba macho.

"Alikuwa anaomba?"

"Sijui, Mama Kulwa. Labda alikuwa na usingizi."

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini yeye ndiye anayenichotea maji.

Nyumba ni kubwa leo.

Alhamisi, 8 Julai

Nimepata mgeni. Msichana wa Bujora, rafiki wa Kulwa, amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pumu. Alipanda mawe akihema, ikabidi nimsubiri atulie. Nilipokuwa namsubiri nilijua tayari: ni habari ya Doto.

Kulwa mzima. Anaongoza nyimbo za mchakamchaka.

Doto siku ya kugawiwa bunduki aliweka mikono nyuma. Afande akamuuliza kama ni mgonjwa. Akajibu, "Hapana afande. Nina imani." Watu wakacheka. Afande hakucheka.

Sasa analala selo ya kambi. Mchana anajaza mapipa ya maji, yakijaa yanamwagwa, anajaza tena. Na si yeye tu. Kikosi chake chote kinaadhibiwa kwa ajili yake. Wanagaragazwa kwenye tope, wanaruka kichura juani. Kulwa yumo humo.

"Mama, wenzake wameanza kumchukia," alisema yule binti.

Nilimshukuru. Nikampa chai. Yangu nikaimwaga juu ya hogo. Sikuhisi hata joto.

Jumamosi, 10 Julai

Akina mama wa kanisa wamekuja. Habari imeshafika, bila shaka. Nusu wanasema Doto ni shujaa wa imani. Nusu wanasema mamlaka yote yametoka kwa Mungu, atii. Walibishana juu ya mwanangu kama watu wanaobishana bei ya sangara. Chai yangu wakanywa.

Mtu akichoka na wageni husingizia kuna kitu jikoni. Mimi hata huko siwezi kwenda. Nimekaa katikati yao na mguu wangu umenyooshwa kwenye kigoda, nikitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Mungu nimemkasirikia. Naandika hivyo kwa kuwa yeye anajua tayari. Alimchukua baba kwa sababu alishika bunduki. Sasa anamtesa mtoto kwa sababu hashiki. Basi tufanye nini tupone?

Jumatatu, 12 Julai

Nimemwita Lukas. Alipanda huku juu akiwa amekwishakasirika. Amesema ukoo wetu haujawahi kuwa na mwoga. Amesema kaka yake anageuka kaburini. Anakwenda kambini kesho.

"Usimpige, shemeji."

"Huko hakuna mama. Nitamnyoosha."

Ningekuwa na mguu ningekwenda mimi. Ningekaa naye chini kidogo tu. Badala yake namtuma mtu mwenye hasira.

Nimeomba. Sikuomba apate nguvu. Nimesema, Bwana, mlainishe. Ashike hilo dude, alenge, arudi nyumbani.

Jumanne, 20 Julai

Lukas amerudi. Nilisikia nyayo zake kwenye mawe na sikuzitambua, alikuwa anatembea polepole. Aliketi kwenye mkeka, mtu ambaye hudai kiti kila anapofika.

"Nimeshindwa, shemeji."

Wamemruhusu kuongea na Doto pale kwenye mapipa. Amekonda. Midomo imepasuka kwa jua. Lukas alifoka, akataja ukoo, akamtaja marehemu. Doto alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akamuuliza jambo moja tu: "Baba mdogo, baba aliua mtu?"

"Ukamjibu nini?"

"Niliinuka. Nikamwambia nachelewa treni. Treni yenyewe ilikuwa ya kesho yake."

Miaka yote hii sijawahi kuuliza. Nimeishi na ile picha, nimeifuta vumbi, sijawahi kuuliza. Leo nimeuliza.

"Aliua?"

Lukas alitazama ziwani. Sauti yake kubwa haikuwepo.

"Mmoja ninayemjua. Kijana tu. Tulimkuta kwenye migomba, kaka akawahi kufyatua. Hakufa upesi. Kaka aliweka bunduki chini akakaa naye, akamshika mkono mpaka akakata roho. Afande alimwita, hakuitika. Baada ya pale hakuimba tena. Wewe unajua alivyokuwa anaimba."

Najua. Ndivyo alivyonioa.

"Mbona hukuniambia, Lukas?"

"Hukuuliza, shemeji."

Alilia. Mzee mzima. Mimi sikulia. Nilikuwa napanga upya kila kitu kichwani.

Jumapili, 1 Agosti

Upepo unaleta harufu ya kiwanda cha samaki. Kengele ya kanisa imelia, watu wameshuka na nguo zao safi, na mimi nimekaa.

Sijui tena niombe nini. Nikiomba Doto asimame imara, naomba aendelee kukauka juani. Nikiomba ashike bunduki, naomba afanane na baba yake kule kwenye migomba. Hakuna mlango. Kila ninakogeuka ni ukuta.

Mwisho nimeomba lilelile. Mlainishe. Nataka mwana aliye hai. Hayo mengine tutayatengeneza baadaye.

Ndani ya hogo panawasha. Nimejikuna kwa kijiti cha kufumia mpaka nikatoka damu.

Jumatano, 25 Agosti

Askari mmoja wa kambini, anayekwenda likizo Musoma, ametumwa na Kulwa kupitia hapa. Hakuketi hata. Alisema maneno akiwa amesimama, kama anatoa ripoti.

Doto ameshika bunduki. Ameshika mwenyewe. Tena katika kulenga shabaha amewashinda wote.

Mama Anjela alipiga vigelegele pale pale uani. Lukas alikuwa hapa tangu jana, akichambua viazi alivyoleta kutoka shamba. Aliingia ndani na viazi.

Maombi yamejibiwa. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, nikala, nikaomba chakula cha pili. Kisha wakati wa kuosha vyombo nikaiacha sahani majini. Amewashinda wote. Baba yake naye alikuwa na shabaha.

Nani nimwambie kwamba nimepewa nilichoomba na kinanitisha?

Jumatatu, 6 Septemba

Wamekata hogo. Lukas na vijana wa kanisa walinibeba kwa kiti mpaka barabarani. Mguu uliotoka humo si wangu. Mwembamba kama kijiti cha muhogo, ngozi inabanduka. Daktari amesema nitembee kidogo kidogo, kwa fimbo.

Jioni nilikwenda mpaka mwisho wa uwanja, yanapoanzia mawe. Nilisimama pale. Nikarudi. Kumbe lililonizuia halikuwa hogo tu.

Alhamisi, 16 Septemba

Watoto wamekuja! Wamemaliza ukuruta, mafunzo ya mwanzo, wamepewa siku chache za kupumzika kabla ya kurudi kumalizia.

Kulwa mweusi, mikono migumu. Doto nywele zimenyolewa. Ananyoosha kitanda mpaka unaogopa kukikalia. Ukimwita anasimama wima. "Ndiyo, mama." Anacheka anapotakiwa kucheka.

Alipokwenda kuoga Kulwa alinivuta jikoni. Nilidhani atajisifu.

"Mama, ni mimi. Ni kwa ajili yangu."

Ilikuwa siku ya adhabu nyingine. Jua kali, kikosi kizima kinaruka kichura. Kulwa alianguka. Damu ikatoka puani, haikukoma. Afande akasema kikosi kiendelee. Doto alikuwa kule kwenye mapipa akaona. Aliweka ndoo chini, akatembea mpaka kwa afande, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe."

"Nilimwambia, Doto usifanye, mimi naweza. Hakunitazama. Mpaka leo hajanitazama vizuri, mama."

Binti yangu aliyepiga kelele za furaha alilia kwenye kanga yangu kama mtoto. Hataki kurudi. Lazima arudi.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimezungumza na Doto. Alikuwa anakwangua kutu kwenye cherehani, nikaketi karibu. Nimemwambia moja kwa moja.

"Nilikuombea ulainike. Nilikuwa naomba hivyo kila siku. Wewe ukisimama, mimi huku nakuvuta chini."

Aliendelea kukwangua.

"Hata mimi niliomba hivyo, mama. Pale kwenye mapipa. Nilichoka."

"Kumbe tuliomba pamoja."

"Tuliomba pamoja."

Nikamwambia ya baba yake. Yote, kama Lukas alivyonipa. Migomba, mkono, kimya kilichofuata. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwishoni aliuliza, "Yule kijana aliitwa nani?"

"Hakuna anayejua, mwanangu."

"Mimi huwa nalenga karatasi," alisema. "Karatasi tu, mama. Lakini mkono umeshajua." Akaonyesha kidole chake, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Nilikishika kile kidole. Alikiacha mkononi mwangu muda.

Jumapili, 19 Septemba

Leo nimeshuka mawe. Kulwa mbele, Doto nyuma amenishika kwapani. Tulikwenda polepole mno, watu wakatupita na kutusalimia. Sikuwa nimekanyaga kanisa tangu Mei.

Kwenye matangazo mchungaji aliwataka vijana wetu walioko jeshini wasimame, kanisa liwaone. Kulwa alisimama. Watu wakapiga makofi. Doto aliinuka pia, lakini akageuka akatoka kwa mlango wa pembeni. Makofi yakapungua. Vichwa viligeuka kunitazama mimi.

Nilichukua fimbo yangu nikatoka. Njia ni ndefu kwa mguu huu, na kanisa zima lilikuwa kimya likisikiliza fimbo inavyogonga sakafu.

Alikuwa ameketi kwenye msingi wa darasa jipya la watoto, matofali ambayo hayajapigwa lipu. Niliketi kando yake.

"Rudi ndani, mama. Watakusema."

"Waseme."

Wimbo ulianza. Kulwa naye akatoka, akaketi upande wa pili wa Doto, bega kwa bega. Jua lilikuwa bado la asubuhi, si kali. Baada ya kitambo Doto aliegemea bega la dada yake.

Kesho wanarudi kambini. Baraka ya mwisho tuliipokea tukiwa nje.