Hakuna Aliyemgusa

Jumatatu, 2 Septemba

Pikipiki ya ofisi ya ustawi wa jamii bado iko kwa fundi. Nimekwenda Igalula kwa bodaboda, kisha bodaboda nyingine ndani ndani huko, vumbi mpaka kwenye meno. Kulikuwa na taarifa ya mzee aliyefungiwa stoo na wanawe. Nimemkuta nje anaota jua, amenyolewa ndevu, kavaa shati jipya. Walijua naja. Hawa watu wanapata habari zangu kabla mimi mwenyewe sijazipata.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Bibi Nyamizi. Anaishi na mwanawe Kulwa, mtu mzima mwenye miguu isiyofanya kazi tangu utotoni. Kulwa anasokota kamba za magome ya miti. Mama yake anamchotea maji, anampikia, anamtoa nje asubuhi kwa kumkokota juu ya ngozi ya ng'ombe. Jua likihama anamsogeza kivulini. Siku nzima ni kumsogeza. Macho ya bibi ni mekundu kwa moshi, miaka mingi ya kukoleza moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Hayo ni maelezo yangu. Kijiji kina maelezo mengine: ni macho ya mchawi.

Lambalamba wanakuja, wale waganga wa kusafisha kijiji. Kila mtu atachanjwa na kunyweshwa dawa. Bibi kaniuliza kama aende.

Nimemwambia asiende. Ni kosa kisheria, na serikali iko nyuma yake. Nilisema hivyo kabisa, kwa sauti ya kazini.

Akasema, "Wenzangu wote watakwenda, mwanangu. Nikibaki peke yangu nitaonekana."

Nikamwambia asiwe na hofu.

Ijumaa, 6 Septemba

Lambalamba wamefika. Nilipiga simu polisi, gari likaenda. Waganga wakavuka mto, wakakaa kivulini mpaka gari likaondoka, wakarudi kuendelea na kazi. Kijiji kizima kimechanjwa. Mpaka mwalimu. Mpaka katekista.

Bibi Nyamizi alikaa mlangoni kwake. Amenitii.

Jumatano, 11 Septemba

Wamemtenga.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliitisha mkutano. Bibi Nyamizi na Kulwa wasisalimiwe, wasijibiwe, wasiuziwe chumvi, wasisagiwe unga, wasichotewe maji. Atakayevunja atatoa ng'ombe.

Nilimfuata mkuu wao, wanamwita mtemi. Mtu mpole, hata sauti hapandishi. Alinipa kiti na bakuli la karanga za kuchemsha.

"Mama Ustawi, kuna mtu kampiga?"

Hapana.

"Kuna mtu kamchomea nyumba?"

Hapana.

"Sasa unachunguza nini? Sisi hatujamgusa."

Akanieleza kwamba angechanjwa kama wenzake, yasingefika huku. Dawa isingemkuta na kitu, basi, yangeisha. Kukataa ndiko kulikomponza. Alisema kwa huruma. Nadhani ni huruma ya kweli, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Nilikula karanga zake mpaka zikaisha. Sijui kwa nini. Najichukia.

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi nilimsalimia mama haraka haraka, nikawa natafuta viatu. Yuko jikoni anachoma vitumbua, macho mekundu kwa moshi wa mkaa. Nikasimama namwangalia mpaka akaniuliza kama naumwa.

Yeye hajawahi kuitwa mchawi. Anakaa Ng'ambo, mjini Tabora, na mwanawe ana kitambulisho cha serikali. Hakuna tofauti nyingine.

Jumatatu, 16 Septemba

Mkuu wangu wa kazi anasema uchaguzi wa vijiji umekaribia, nani atakwenda kugombana na kijiji kizima. Polisi wanataka mshtakiwa mwenye jina. Nikawaambia ni wote. Kijana wa mapokezi akacheka, kisha akaniomba radhi.

Jumatano, 18 Septemba

Wiki iliyopita nilimwomba Mama Shija, jirani yao, awasaidie maji kimyakimya. Alikubali. Alikuwa anapita nyuma ya shamba la mihogo na ndoo kichwani.

Wamemkamata. Ng'ombe hana, wakachukua mbuzi wake wote. Leo tumekutana njiani. Aliangalia chini, akanipita. Na mimi nimetengwa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Ijumaa, 20 Septemba

Leo nimepata gari la halmashauri. Tumepeleka madumu ya maji, unga, chumvi. Kulwa akanawa uso mara mbili, akacheka. Nilidhani nitafurahi.

Dereva akaniuliza pembeni maji yakiisha itakuwaje. Gari kesho lina safari nyingine.

Kulwa anasema maji si kitu sana. Kinachomuua ni watoto wa shule. Njia yao inapita mbele ya uwanja wake. Zamani kila asubuhi walikuwa wanapiga kelele, shikamoo mjomba Kulwa, wengine wanamletea magome. Sasa wanapita wanakimbia, wameziba midomo kwa mikono. Wadogo wanafanya mchezo.

Jumatatu, 23 Septemba

Nafasi imepatikana kwenye makazi ya wazee, mjini. Kitanda, chakula, muuguzi. Nimehangaika kwa simu mpaka sikio limewaka moto.

Ni ya bibi tu. Kulwa si mzee. Vituo vya watu wa aina yake vinapokea watoto tu, na Kulwa si mtoto.

Bibi amekataa. "Nani atamsogeza kivulini?"

Nikamfokea. Nikamwambia watakufa wote wawili kwa ubishi wake. Alisubiri nimalize, akanikaribisha uji. Uji kidogo tu, ndio wote uliokuwa kwenye chungu. Sikunywa. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Ijumaa, 27 Septemba

Sikulitarajia hili, na ningepaswa kulitarajia.

Jana bibi alikwenda mwenyewe kwenye baraza la sungusungu na fimbo yake. Alikwenda kuomba achanjwe. Kwamba amekubali, kwamba alidanganywa na mtu wa mjini, wafanye wanavyotaka. Kulwa ndiye kanisimulia.

Hawakumjibu. Hawaruhusiwi kumjibu. Walitazama pembeni, wakaendelea na maongezi yao mpaka akachoka kusimama. Hawezi kuomba radhi kwa sababu ni marufuku kumsikia. Niliwahi kuona nyumba zilizochomwa na watu waliokatwa mapanga, kazi hii imenionyesha. Huu ndio ukatili ulionimaliza.

Nilimwendea mtemi. Nikamwomba, nikapiga magoti. Mimi, na kitambulisho changu shingoni. Akaniinua kwa mikono miwili, akasema lambalamba wameshakwenda mbali, labda mwakani.

Jumapili, 29 Septemba

Simu kutoka hospitali. Bibi Nyamizi kafariki.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimekwenda kuchunguza. Ndiyo kazi.

Alianguka kisimani, pale mtoni wanapofukua mchanga kupata maji. Nyonga ilivunjika. Ilikuwa asubuhi, wanawake wamejaa. Alilala pale mpaka mchana. Dereva wa lori la tumbaku, si mtu wa huku, alishuka kutafuta maji ya rejeta akamkuta. Ndiye aliyembeba.

Niliwauliza wanawake mmoja mmoja. Nilijiandaa kwa uongo. Hakuna aliyedanganya.

"Tulimwona," walisema.

Mmoja, msichana tu, ana mtoto mgongoni, alisema bibi alikuwa anaomba maji. Yeye alisogeza ndoo yake isije ikamgonga kichwa. Aliniambia hivyo ili nijue kuwa ana moyo mwema. Akaanza kulia. Nikashindwa kumchukia.

Jumanne, 1 Oktoba

Tumemzika. Hakuna mwanakijiji aliyeshika jembe. Tulichimba mimi, yule dereva wa lori, na bodaboda wawili niliowatoa Igalula. Udongo mkavu, mgumu. Malengelenge mikononi.

Kulwa tulimkokota mpaka kaburini juu ya ngozi ile ile. Alirusha udongo, akasema, "Sasa pumzika, mama, nimekuchosha." Dereva akaenda kusimama nyuma ya lori lake.

Mama aliniona naingia nyumbani na vumbi la kaburi. Nilimpa shikamoo, nikaishika mikono yake muda mrefu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimemaliza taarifa. Chanzo cha kifo ni kuanguka. Kila neno ndani yake ni kweli.

Nikaenda kumwona Kulwa. Nimekuta ndoo nne za maji mlangoni, zimefunikwa vizuri. Unga. Kuku aliyefungwa miguu. Mtemi mwenyewe alikuwepo, amekaa juu ya kigogo, akanipisha nikae. Anasema adhabu ilikuwa ya mama, na mama ameondoka nayo. Mama Shija alikuwa anafagia uwanja. Alinisalimia. Niliitikia.

Nilimwuliza Kulwa kama anataka nimtafutie pa kwenda. Akaniuliza wapi.

Mchana watoto wa shule walipita. Walisimama njiani, wakasukumana kidogo, kisha wakapiga kelele kwa pamoja.

"Shikamoo, mjomba Kulwa!"

Kulwa aliendelea kusokota kamba yake. Jua lilikuwa limeshamfikia, usoni na kifuani. Watoto wakasubiri. Mtemi akasubiri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba moyoni asiitikie.

"Marahaba," alisema.

Kisha akawaomba wamsogeze kivulini.