Baba Mdogo, Ulipokataa Kumrithi Mama

Baba mdogo wangu mpendwa,

Nimekuja Kingi kumsaidia mama kuvuna maharage, naye anaimba tangu asubuhi kwa ile sauti yake inayokwaruza. Ungecheka. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa umelala Kalembe na hutajibu.

Mwaka vita vya Wazungu vilipoisha, baba alikufa kwa homa. Baada ya matanga babu akasema lazima umrithi mama, mke wa kaka yako. Mama alikataa, nawe ukakataa. Babu akawapeleka tribinali, mahakama ya Mwami, chifu wetu. Niliketi nyuma ya mama, nimeshika kitenge chake.

"Desturi iko moja," babu aliwaambia mahakimu. "Ndugu anarithi muke na shamba. Kama muke anakataa, arudi kwabo. Shamba iko ya ukoo."

Ulisimama, ukamgeukia babu. "Papa, mama yangu alikufa niko mudogo. Huyu muke wa kaka njo alinilea. Mupaka leo niko namuita mama. Nitamuita muke yangu namna gani?"

Hakuna aliyecheka. Mahakimu walitoka, wakawauliza wazee wa vilima vingine, wakabishana hadi jua likapinduka. Waliporudi, hakimu mkubwa alisema: "Desturi tuliikuta, lakini watu njo waliiweka. Na sisi tuko watu. Mujane mwenye watoto, kama hapendi kurithiwa, atabaki kwa shamba ya bwana yake, alishe watoto. Hii si ya huyu mama peke yake. Njo sheria yetu wote."

Babu aliacha kukusemesha. Ukahamia Kalembe kwa wakwe zako, ukajifunza kuwinda msituni, nami nikakulilia kama vile nawe umekufa. Mpaka siku babu alipokuja mwenyewe mlangoni kwa mama. Alikula, kisha akauliza, "Mutoto wangu atakuja lini?" Ulikuja na paja la nguruwe mwitu begani. Tulikula sote, babu akikuchagulia minofu.

Sasa nimeolewa Mweso. Juzi jirani yangu alifiwa na mumewe, na mashemeji walipoanza maneno, aliwajibu bila woga: "Mujane anabaki kwa shamba yake. Njo desturi ya mababu."

Mababu! Nilitaka kumtajia jina lako, nikaacha. Alikuwa ameshachukua jembe, anakwenda kupalilia mihogo yake.

Pumzika vema, baba mdogo.

Mimi, binti wa kaka yako