Gari la Shangazi Limeniacha, na Baba Anadhani Tumeshinda

Mshauri, shikamoo. Najua safu yako imezoea mambo ya ndoa na mawifi, na langu si hilo, lakini sina mwingine wa kumwambia, maana kila ninayemjua yumo ndani ya jambo lenyewe.

Mimi ni fundi wa magari, nafanya kazi kwenye gereji ya baba. Baba ana kigari cha petroli, kifupi, cha milango mitano, ukikiona barabarani utadhani ni cha kupeleka watoto shule, kumbe injini yake ameifungua na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe miaka nenda miaka rudi, ameiwekea turbo, ametoa viti vya nyuma ili kiwe chepesi, na tangu nikiwa msichana sijaona gari la mwanachama yeyote wa klabu yetu ya magari likikiacha kwenye zile mbio za magari mawili kusimama sambamba na kuondoka kwa mpigo mmoja. Sasa baba amefanyiwa upasuaji wa nyonga, akawa wa kulala tu, hali chakula, hataki mazoezi, hataki hata redio.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, ni daktari wa meno, mama mtu mzima wa miwani yenye mnyororo shingoni, na anaendesha kwa adabu kiasi kwamba watu humpigia honi. Amenunua gari la umeme, lile lililotengenezwa kwa ajili ya mbio, pana na zito. Alipokuja kumjulia hali baba akamtania, "Kaka, siku hizi hicho kigari chako ningekiacha huku natafuta miwani." Baba akajiinua kwenye mto, akanigeukia, akasema, "Mwanangu, mpeleke shangazi yako uwanjani ukamfunze adabu."

Jumamosi tukaenda, mimi na kigari cha baba, kwenye uwanja wa ndege wa zamani ambao klabu inaukodi, njia imefungwa, wasimamizi wapo. Mshauri, mimi kazi yangu naijua. Nilipandisha mizunguko ya injini hadi pale inapopenda, nikaachia klachi kwa kipimo, tairi za mbele zikateleza kidogo kisha zikauma lami, turbo ikajaa, nikaingiza gia ya pili, ya tatu, mwondoko safi kuliko wote niliowahi kuupata maishani, na nilipotupa jicho kando kumtafuta shangazi hakuwepo. Nikatazama mbele, nikaona taa zake za nyuma zikiwa ndogo. Hakukuwa na mngurumo wala moshi, na lile gari kwa uzito ni karibu mara mbili ya langu.

Nikasema labda ni mwanzo tu, maana gari la umeme nguvu zake zote zinakuja palepale linapoanza. Tukajaribu tena, safari hii tukiwa tayari mwendoni, gia yangu imekaa vizuri, turbo imeamka. Hapo kwa kitambo nilikuwa ubavuni mwake, nikamwona ndani ya gari ametulia kama yuko kliniki, halafu akakanyaga, akaenda zake.

Aliporudi akaniambia, "Njoo ukae huku, mwanangu. Egemeza kichwa kwanza." Nikadhani ananitania. Nikashika usukani, nikakanyaga, na sijui nikuelezeje. Kwenye gari la baba unaomba, injini inasikia, inavuta pumzi, ndipo inakupa, na uhondo wote uko kwenye kule kuomba. Kwenye gari lile hakuna kuomba. Nilikuwa nimesimama, kisha nikawa ninakwenda, na katikati hapakuwa na kitu. Mgongo ulizama kitini, tumbo likabaki nyuma, nikasikia upepo, kokoto zikigonga chini ya gari, na pumzi yangu mwenyewe. Niliposimama nilikuwa na machozi, na hakuna kilichonihuzunisha. Nilishindwa kushuka. Shangazi akaniwekea mkono begani, akasema, "Hata mimi siku ya kwanza nilikaa hivyohivyo."

Nimefika nyumbani, baba ananisubiri, macho yamemtoka. "Ilikuwaje?" Nikamwambia, "Baba, sijawahi kuona mwondoko kama ule." Ni kweli tupu, mshauri, ila yeye akaelewa vyake. Akacheka hadi mama akaja mbio kutoka jikoni. Akaomba chakula. Kesho yake akaomba fremu yake ya kutembelea. Sasa kila mgeni anasimuliwa jinsi daktari wa meno alivyoaibishwa, na amempigia shangazi simu kumcheka, na shangazi akajibu tu, "Sawa, kaka." Mama ananiambia, "Mwache, si unaona anapona?"

Na mimi silali vizuri. Kuna chuo kinafundisha mafundi magari ya umeme, nataka kwenda, nataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na sijui nitamwambiaje baba bila kumwambia kwa nini. Jumapili shangazi anakuja kula nasi. Nifanye nini?

Binti wa Fundi

*

Marahaba, Binti wa Fundi, na pole kwa mgonjwa.

Umeniandikia vizuri, lakini acha kujificha nyuma ya hiyo sentensi yako ya kweli. Ulimwona baba akielewa vingine, ukafunga mdomo. Na aliyelipia ukimya wako ni shangazi, mama mzima aliyeshinda kihalali, anachekwa kwenye simu, anameza. Mama yako ana huruma, simlaumu, ila baba yako amepasuliwa nyonga, akili hazijaguswa. Mkiendelea kumlinda hivi mtamfanya mtoto.

Nikuambie kilichonishtua katika barua yako. Huyu mzee ameinama juu ya injini umri wake wote akitafuta kitu kile kile kilichokutoa machozi uwanjani. Wewe umekionja, ukamfungia mlango. Unadhani unamwachia ushindi, na mimi naona umemnyima jambo kubwa kuliko ushindi.

Kwa hiyo usisubiri Jumapili. Mwambie kabla, mchana, mkiwa wawili, na mwambie kama fundi anavyomwambia fundi. Anza na tairi, klachi, gia, asikie kwamba kigari chake kilifanya kila kilichoweza, kisha umwambie ulitazama kando na hukumwona shangazi. Usiombe radhi kwa niaba ya gari, halina kosa. Omba radhi kwa kukaa kimya, basi. Ataudhika. Mwache audhike, hasira haifungui mishono. Kisha mpe simu ampigie mdogo wake mwenyewe. Daktari wake akiruhusu, shangazi amzungushe kwenye gari lake, polepole, nyonga bado mpya.

Chuoni jiandikishe wiki hii. Baba muombe baraka, si ruhusa, umekwisha kuwa mtu mzima.

Akishatulia, nakuhakikishia atauliza hiyo mota imekaa wapi, na inapozwa na nini. Vuta kiti, mjibu unayoyajua. Na pale utakapokwama, mwambie hiyo ndiyo sababu unakwenda kusoma.