Vidukari wa Shamba Letu, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama salamu hufika huko uliko, ila ulinikataza kumwambia mkubwa neno kabla ya kumwamkia.

Unakumbuka mwaka ule mtama wetu ulipoanza kung'aa? Majani yalinata kama yamepakwa asali, kisha yakawa meusi, na masuke yakatoka matupu. Watu wakasema haraka namna ile si ya Mungu, kuna mtu amepaka dawa. Wakamtaja dada yako, shangazi Nyemo, kwa kuwa alikuwa mjane na alizoea kupita shambani kwetu alfajiri akichuma mlenda.

Walipokuja uani ulisimama mlangoni, shangazi yuko nyuma yako.

"Huyu amenilea mgongoni," ukawaambia. "Mkimtaka, anzeni na mimi."

Waliondoka, lakini hawakuja tena kupalilia nasi, wala kunywa maji kwetu. Shangazi aliona anakuponza, akahamia Kondoa. Ulipofariki hakuja kukuzika. Aliogopa macho ya watu.

Sasa nafanya kazi katika maabara, Dodoma mjini. Tulikusanya vidukari, wale wadudu wadogo wa manjano wanaofyonza mtama, kutoka mashamba mengi, na lako likiwemo. Tukasoma vinasaba vyao vyote, herufi kwa herufi. Baba, wa shambani kwako na wa mashamba ya mbali kabisa ni ukoo mmoja. Hata tofauti kuziona ni shida. Majike huzaa bila dume, na watoto nao hawachelewi kuzaa. Upepo huwabeba. Kile kilichonata ni kinyesi chao tu.

Jumamosi nilikwenda Kondoa kumweleza shangazi. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Baba yako alikuwa anayajua haya?"

"Hapana, shangazi. Hakuna aliyeyajua."

"Sasa alisimama mlangoni kwa nini?"

"Alikuamini tu."

Alilia, Baba. Nadhani ni kilio alichokificha tangu msiba wako. Kesho yake, mimi sijamwomba, akafunga kanga yake akasema twende nyumbani. Tuliposhuka kwenye basi majirani walituona. Wengine waliitikia salamu, wengine waligeuza uso. Hakupunguza mwendo.

Yuko hapo kaburini kwako sasa, ameketi chini, anakusemesha Kigogo kwa sauti ndogo. Nimesogea pembeni niwaache.

Pumzika, Baba.

Binti yako wa mwisho